Kwa Nini Watu wa Mrindi Husalimia kwa Maneno Mawili

Mwenye maharage ya kupukuchua na apukuchue, mwenye mtoto na ampakate. Mikono ifanye kazi yake; hadithi hii inataka masikio tu.

Kale, enzi ambazo hata babu zetu walisimuliwa na babu zao, hapakuwa na watu wa juu na watu wa chini. Palikuwa na kijiji kimoja tu, Mrindi, kilichokaa mgongoni mwa mlima penye ukungu na migomba. Kule bondeni Ruvani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na majani yaliyopita kimo cha mtu, na waliokaa ndani ya majani hayo walikuwa nyati na simba.

Watu wa Mrindi wa wakati ule waliishi vizuri wao kwa wao. Wakikutana njiani walisalimiana kwa kiasi, si kwa haraka wala si kwa kuchoshana. Moto ukizimika kwako, ulichukua kigae ukaenda kuomba kaa kwa jirani, na ulikuwa hutoki kwake bila kuonjeshwa kilichokuwa jikoni. Mvua za kwanza ziliponyesha, wanawake walianza na shamba la aliyejifungua, kisha la mjane, ndipo kila mtu akaenda kwake. Wazee waliokuja baadaye walipoikumbuka Mrindi ile walifumba macho kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha utotoni.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aliyeitwa Nakiete, mke wa Kilave. Alikuwa msemaji na mcheshi. Kicheko chake kilifika kisimani kabla yeye mwenyewe hajafika. Jirani yake alikuwa Kunda. Waliolewa mwaka mmoja, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa masale ambao waliupanda wenyewe kwa mikono yao. Katikati ya ua waliacha mwanya wa kupita mtu mmoja na chungu chake. Kupitia mwanya huo walipeana makaa, chumvi na habari za kijiji. Nakiete aliposhikwa na homa ya uzazi, asiweze kumnyonyesha binti yake, Kunda alimchukua yule mtoto akamnyonyesha pamoja na wa kwake, titi hili huyu, titi lile yule. Mtoto huyo aliitwa Mbike.

Mbike alipotimiza miaka minne, ndui iliingia Mrindi.

Hakuna aliyejua ilikotoka. Alianza kufa mfua chuma, wakafuata wanawe, kisha ikawa kila siku kuna nyumba inayolia. Watu waliendelea kufanya walivyozoea: walikwenda kumwona mgonjwa, wakakaa kitandani kwake, wakamshika mkono, wakarudi nyumbani, na baada ya siku kumi na ushei wao wenyewe wakalala na homa. Wema wao wenyewe ndio uliokuwa ukiwamaliza.

Basi mzee wa kijiji, jina lake Sempombe, akakusanya watu. Akawasimamisha mbali mbali, kila mtu hatua kumi kutoka kwa mwenzake, akapaza sauti.

"Nyumba yenye mgonjwa itabaki hapa juu. Nyumba isiyo na mgonjwa ishuke Ruvani leo hii, jua lingali juu. Na asipande mtu mpaka atakapoona moshi mweupe kwenye jabali."

"Na wewe, mzee?" mtu mmoja akauliza.

"Mke wangu alianza homa jana," Sempombe akajibu. "Mimi nabaki."

Kilave naye alikuwa ameamka asubuhi ile na vipele usoni. Nakiete alirudi nyumbani. Alimkuta Kunda amesimama upande wa pili wa ua, mzigo kichwani, mwanawe mgongoni.

"Dada, nipe Mbike," Kunda akasema.

Nakiete alimtazama binti yake aliyekuwa akicheza na ganda la mgomba, akamkagua uso mzima, shingo, mikono, nyuma ya masikio, kama kuna kipele. Hakikuwapo hata kimoja.

"Akilia usiku atataka kushika sikio la mtu," Nakiete akasema. "Mwachie sikio lako."

Hakumkumbatia. Alimwelekeza tu kwenye mwanya, na Mbike akapita akiruka, maana njia ile aliizoea. Nakiete aliwatazama wakishuka mpaka majani yakawafunika.

Kule juu ya mlima, Sempombe aliweka amri moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mtu asisogee mlangoni pa mwenzake akafungua kinywa, kwa kuwa pumzi ndiyo iliyobeba ugonjwa. Mkionana kwa mbali, mmoja aulize, "Upo?" Mwenzake ajibu, "Nipo." Yatosha. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyobaki ya salamu za Mrindi.

Kilave alifariki wiki ya pili. Mama yake, bibi Nasia, alimfuata. Kisha Nakiete mwenyewe akaanguka. Alilala peke yake nyumbani akiwa hana wa kumchotea maji, midomo imepasuka kwa kiu, akawa anasubiri zamu yake. Asubuhi moja akasikia kitu kikiwekwa mlangoni, taratibu, na nyayo zikiondoka. Alijikokota mpaka pale akakuta kibuyu cha maji na uji kwenye kata. Hakuona mtu. Kesho yake, tena. Kesho kutwa, tena. Kwa siku ishirini na moja mtu huyo alikuja alfajiri, akaweka, akaondoka, asiseme hata neno. Nakiete hakushukuru, kwa sababu kushukuru kulikuwa ni kufungua kinywa, na kufungua kinywa huenda kungemuua aliyemwokoa.

Siku ya ishirini na mbili hakuja.

Nakiete alikuwa ameanza kupona. Makovu yalimjaa usoni lakini magoti yalimbeba. Alitoka nje, akaona mazishi, akajua kwamba siku ile Mrindi ilikuwa imepoteza watu watatu: mzee mmoja mtengeneza mizinga ya nyuki, msichana wa nyumba ya mwisho kijijini, na mwanamke aliyewahi kugombana na Nakiete kisimani kwa sababu ya mtungi. Mmoja wa watu hao watatu ndiye aliyemletea uji. Nani? Hapakuwa na wa kumuuliza. Basi Nakiete akawalilia wote watatu, kila mmoja kana kwamba ndiye. Alipomaliza, akatwanga mtama, akapika uji, na alfajiri akaupeleka kwenye mlango wa nyumba ambayo haikuwa ikitoa moshi. Akauweka chini. Akaondoka kimya.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Aliyepona alimlisha aliyelala. Chakula kikiwa bado mlangoni jua likipanda, watu walijua, wakaja kuzika. Walizika wakiwa wamefunga vinywa kwa nguo, na hawakuyataja tena majina ya waliozikwa, kwani wafu walikuwa wengi na kila jina lilikuwa jeraha la mtu. Ugonjwa ulipungua, ukarudi. Mwaka wa pili ukapungua, ukarudi. Sempombe, ambaye sasa alikuwa mjane, aliongeza mwaka mzima wa kusubiri baada ya mgonjwa wa mwisho. Ilikuwa mwaka wa nne majani mabichi yalipotupwa kwenye moto juu ya jabali, na moshi mweupe ukapanda.

Watu wa bondeni walipanda siku hiyo hiyo, wakiimba.

Nakiete aliwasikia tangu wakiwa mbali. Alikuwa ameoga, amevaa ngozi yake nzuri, amefagia ua mara tatu. Miaka minne alikuwa amepanga maneno atakayomwambia binti yake. Lakini umati ulipofika, na kila mtu akaanza kupiga kelele akiuliza, "Fulani yuko wapi? Na mama yake? Na wale watoto watatu? Na kaka yao?", watu wa Mrindi walirudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. Walijibu, "Tupo," wakainamisha vichwa, wakaingia ndani.

Kunda alikuja na Mbike, msichana wa miaka minane sasa, mrefu, mwenye macho ya Kilave. Nakiete alifungua kinywa. Maneno aliyoyapanga hayakutoka.

"Upo?" ndilo neno pekee lililomtoka.

Mbike alimtazama yule mwanamke mwenye makovu, akajificha nyuma ya Kunda.

Wageni walilala katika nyumba zilizokuwa tupu. Asubuhi walikuta viazi vikuu, maziwa na kuni mbele ya kila mlango, wala hapakuwa na mtu wa kuwakaribisha. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Watu wa bondeni wakaanza kunung'unika. "Wanatuwekea chakula chini kama mbwa," wakasema. "Wametuchukia kwa sababu sisi tulipona." Na watu wa Mrindi nao walinong'ona, "Hawa wanawahesabu wafu wetu kama mbuzi. Midomo mingi, huruma hakuna." Siku ya nne wale wa bondeni wakafunga mizigo. Walisema wanarudi Ruvani na hawatapanda tena maishani.

Asubuhi hiyo Nakiete alikuwa ameinama nyuma ya ua wa masale akaisikia sauti ya Mbike upande wa pili.

"Mama, yule mwanamke hatupendi. Twende nyumbani."

Nakiete alisimama pale pale. Alikuwa ameshika furushi la ndizi mbivu alilotaka kuliweka mlangoni mwao. Aliyeitwa mama hakuwa yeye, na palipoitwa nyumbani hapakuwa hapa.

Masale yalikuwa yameota mpaka yakauziba ule mwanya. Sasa yakatikisika, mikono miwili ikayatenganisha, na Kunda akatokeza, uso umekunjamana kwa hasira.

"Nakiete, naondoka," akasema kwa sauti iliyofika nyumba ya tano. "Lakini kwetu hatuondoki bila kusalimia, na leo utanijibu. Kilave je?"

"Hayupo."

"Nimekuuliza kwa jina, nijibu kwa jina. Kilave je?"

Nakiete aliliweka furushi chini. Miaka minne jina hilo halikupita kinywani mwake.

"Kilave alikufa," akasema. "Wiki ya pili baada ya ninyi kushuka. Aliniomba nimfungulie mlango aone migomba yake."

Kunda hakuacha. "Na bibi Nasia?"

"Alikufa siku nne baada ya mwanawe. Sikuwa na nguvu za kuchimba. Nilichimba kwa jembe la kupandia."

"Na Nakiete je?" Kunda akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakiete wangu aliyekuwa akicheka kisimani, yuko wapi?"

Hapo Nakiete aliketi chini penye umande akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka minne, mdomo wazi, bila kujali pumzi yake inamfikia nani. Kunda aliketi naye, akamshika, na kila kilio kilipopungua alimuuliza jina jingine. Nakiete alijibu, huyu alikufa hivi, yule alizikwa pale. Milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Mzee Sempombe alitoka akiegemea fimbo yake, akaja mpaka kwenye ua.

"Kunda, mwanangu," akasema, "na mimi niulize. Niulize habari za Mshoma, mke wangu. Hakuna aliyeniuliza."

Siku hiyo hakuna aliyeondoka. Watu wa bondeni walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, na watu wa Mrindi walijibu na kulia, na maombolezo ambayo hayakufanyika kwa miaka minne yakafanyika kwa siku moja.

Jioni, macho yakiwa mekundu, Kunda alimuuliza mwenzake kile kilichomchoma. "Mbona mlituwekea chakula mkakimbia?"

Nakiete akamsimulia habari za uji na siku ishirini na moja. Akamwambia juu ya watu watatu waliokufa siku moja. "Sijui alikuwa nani," akasema. "Labda alikuwa yule tuliyegombana. Kwa hiyo siwezi tena kumnunia mtu yeyote wa kijiji hiki. Tukitaka kumwonyesha mtu kwamba tunampenda, Kunda, tunamwekea na kuondoka. Mimi nimekuwekea siku tatu mfululizo. Nilidhani unasikia."

Kunda aliinamisha kichwa. Kisha naye akaeleza. Kule Ruvani walijenga vibanda mbali mbali kwa kuogopa ugonjwa, majani yamewazunguka, mtu hamwoni jirani yake. Kila asubuhi waliitana kwa sauti, na waliulizana habari za kila aliyekuwamo ndani ya nyumba, jina kwa jina, hata mbuzi, ili wajue simba hajachukua mtu. Ambaye habari zake zilikosa jibu alitafutwa na kijiji kizima.

"Siku moja jirani aliniuliza, 'Na Mbike je?' Nikageuka niseme yupo, nikaona mkeka mtupu. Alikuwa amefuata mbuzi majanini. Tulikwenda watu wote tukipiga kelele, tukamkuta kando ya kijito, na nyayo za simba zimemzunguka pande zote. Kama jirani asingeuliza, leo nisingekuwa na mtoto wa kukuletea."

Mbike alikuwa amekaa kati yao akisikiliza. Nakiete hakumvuta. Aliendelea kumenya ndizi, akaweka moja karibu na goti la mtoto, akatazama pembeni. Baada ya kitambo aliona ndizi haipo. Akaweka nyingine. Baadaye kidogo, usingizi ulipomlemea Mbike, mkono wake mdogo ulipanda ukipapasa begani mwa Nakiete, ukatafuta, ukashika sikio la mama yake.

Mzee Sempombe alitaka watu wawe kijiji kimoja tena, na walijaribu kweli. Lakini mashamba ya Ruvani yalikuwa yameshika rutuba na mtama ulikuwa karibu kuvunwa, na Mrindi makaburi yalikuwa mengi kuliko nyumba. Walijaribu pia kufundishana tabia. Watu wa Mrindi walijitahidi kusalimia kwa kirefu, wakaishia swali la tatu, wakabaki wanatazama miguu yao. Watu wa Ruvani walijitahidi kuweka kitu mlangoni kimya kimya, lakini kila mmoja alipofika alishindwa kujizuia, akakohoa, akasema, "Ni mimi, nimeleta maboga!" Watu walicheka mpaka wakakata tamaa. Wakaona kwamba kila upande umejifunza wema wake mahali pa kufa na kupona, na jambo lililofundishwa namna hiyo halifutiki.

Kwa hiyo waliagana. Mbike alishuka na Kunda kwa sababu ndiye mama aliyemjua, na Nakiete mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, ingawa alisema akiwa amewapa mgongo. Walikubaliana kwamba mtoto atapanda kila kiangazi akae na mama aliyemzaa. Kunda na Mbike walipofika kwenye kona ya njia, Nakiete alipanda juu ya jiwe, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ambayo Mrindi haikuwa imeisikia kwa miaka minne.

"Mbike je?"

Kisha, kutoka kule chini kwenye majani, ikapanda sauti nyembamba ya mtoto.

"Yupo! Na mama je?"

"Yupo!" Nakiete akajibu. "Yupo!"

Na tangu siku hiyo watu wa Ruvani na watu wa Mrindi hawafanani kwa ujirani wao. Ukishuka Ruvani, usiwe na haraka. Utaulizwa habari za baba, mama, mjomba, ng'ombe aliyezaa na mtoto mwenye kikohozi, na uji wako utapoa ungali unajibu. Mtu akiruka jina moja, watadhani kuna msiba. Ukipanda Mrindi, utasikia "Upo?" na utajibu "Nipo," na mwenzako atapita. Usinung'unike kwamba wana kiburi. Lala, uamke, ufungue mlango, utakuta kuni zimepangwa na mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani. Na usiulize ni nani aliyeleta, maana hakuna atakayekuambia, na wewe utalazimika kuwapenda wote.

Ila kiangazi kikifika, njia ya bondeni ikakauka na nyimbo za watu wa Ruvani wanaopanda kuwatembelea ndugu zao zikaanza kusikika, wazee wa Mrindi huacha kazi zao mapema. Huoga, huvaa, huweka vigoda nje ya milango yao. Hawasemi wanachosubiri. Wanasubiri kuulizwa.